Banako: mwaka jana walijaa, mwaka huu wametua wachache. Kwa nini?

Jabali: Wadau, naomba msaada. Nafuatilia banako, wale viumbe wa gamba gumu jeupe wanaoganda maweni na chini ya vyombo. Nina vipande vya mwamba nilivyovitia alama ya rangi. Mwaka jana watoto walitua wakabanana hadi jiwe halionekani. Mwaka huu, mwamba ule ule, ni wa kuhesabika. Wakubwa wapo, wazima kabisa. Ni uchafu wa bahari?

Bamvua: Mkuu, usikimbilie uchafu. Wakubwa kuwa wazima si dhamana ya watoto kutua hapo. Lava, yaani mtoto mchanga wa banako anayeelea majini, akishatoka kwa mzazi huchukuliwa na maji kwa wiki kadhaa. Anapita hatua sita, kisha anakuwa sipridi, ambaye hali chochote; anaishi kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea. Huyu ndiye mtafuta makao, na ukimtazama kwa lenzi utampenda: anatembea juu ya jiwe kwa vipapasio viwili, anagusa, anaondoka, anarudi. Akikuta dalili za banako wakubwa, anavutika zaidi. Akiridhika anajigandisha kwa kichwa, na hapo hatoki tena.

Sasa safari yote hiyo iko mikononi mwa bahari. Kule California, wanasayansi Gaines na Roughgarden walionyesha miaka ya 1980 kwamba idadi ya lava wanaofika ufukoni ndiyo inayoamua mwamba utakuwaje. Upepo ukisukuma maji ya juu kwenda nje, lava nao huenda. Ukilegea, maji hurudi nao. Na kuna chakula: banako wa Uingereza anayeitwa *Semibalanus balanoides* huzaa mara moja kwa mwaka, akilenga mwani mdogo wa majira ya kuchipua. Mwani ukikosana na lava, wengi hufa njaa huko huko.

Kome_Mweusi: Naongeza. Jabali, ulihesabu lini? Aliyetua leo anaweza kuuawa na jua kesho, au akakwanguliwa na konokono wanaolamba mwani. Ukichelewa, unahesabu walionusurika, si waliotua. Na wale wa mwaka jana bado wamekalia jiwe? Mwanasayansi Connell, kule Millport, Scotland, alionyesha mwaka 1961 jinsi banako wanaokua haraka wanavyowafunika na kuwang'oa wengine. Nafasi yenyewe ni vita.

Jabali: Nafasi ipo, nilikwangua nusu ya kila kipande. Ila kuhesabu nilichelewa, kama mwezi hivi baada ya msimu kuanza. Mwaka jana niliwahi.

Bamvua: Basi miaka hiyo miwili bado hailinganishwi. Mwakani kwangua sehemu ndogo kabla ya msimu, piga picha kila maji yanapokupwa sana, ukisimama pale pale, na uandike upepo wa wiki zilizotangulia. Kwenye ripoti ya sasa weka tarehe za kuhesabu waziwazi, na neno uchafu usiliandike bila kipimo cha maji.

Jabali: Nimeelewa, mkuu. Picha za mwaka jana ninazo zenye tarehe. Naanza kulinganisha na zile za mwezi wa pili.