Nyuso mbili, sauti moja: mbona watoto wanang'ang'ania kushoto?

Chekecha: Wadau, narudia jaribio la wanasaikolojia Kuhl na Meltzoff la 1982: watoto wa wiki 18 hadi 20 walionyeshwa nyuso mbili, mmoja unatamka "a", mwingine "i", sauti inatoka katikati. Zaidi ya asilimia 73 ya muda waliangalia uso unaolingana na sauti. Kwangu, kwa laptop mbili na spika ya Bluetooth, watoto karibu wote wanaangalia kushoto tu. Ni sauti kuchelewa?

Kipimo: Kosa ni hizo laptop mbili. Hazianzi pamoja, kwa hiyo mdomo mmoja unamtangulia mwenzake, na mtoto anafuata ule unaokwenda sambamba na mlio bila kujali ni irabu gani. Weka video zote mbili kwenye faili moja, midomo ifunguke na kufunga kwa pamoja, ibaki tofauti ya umbo la mdomo tu. Spika iwe moja, katikati kabisa. Anza na kila uso peke yake bila sauti, sekunde 10 kila mmoja, kisha nyuso zote mbili na sauti kwa dakika 2. Nusu ya watoto waone "a" kushoto, nusu kulia. Mama aliyempakata afumbe macho. Akijua jibu, mapaja yanageuka na mtoto anageuka nayo.

Mizani: Naunga mkono, ila Bluetooth tusiisingizie. Mtafiti Lewkowicz alipima mwaka 1996 kwa duara linalodunda kwenye skrini na mlio wake. Sauti ikitangulia, mtu mzima anagundua haviendi pamoja kwenye milisekunde 65, mtoto mpaka 350. Ikichelewa, mtu mzima 112, mtoto 450. Kwa silabi mtoto ni mvumilivu zaidi. Tumia waya hata hivyo, maana ucheleweshaji wa Bluetooth hubadilikabadilika.

Kwa kung'ang'ania kushoto, kwanza tazama dirisha liko upande gani. Na anayehesabu mtoto aliangalia upande gani kwenye video ya kumrekodi azime sauti, la sivyo ataona anachotaka kuona.

Chekecha: Shukrani wakuu. Wa miezi 8 nao watafaa?

Mizani: Watafaa, ila usiwachanganye na wa miezi 4. Wa miezi 4 hukodolea zaidi macho ya msemaji, wa miezi 8 mdomo. Kwenye miezi 12 huanza kurudi machoni ikiwa ni lugha ya nyumbani. Ikiwa ngeni, wanabaki mdomoni. Kwa hiyo fomu iulize lugha ya nyumbani, si kabila la wazazi.