Nina euro 140 za siku sita mjini Berlin: naomba ushauri wa kutembea bila gharama

Mgeni wa Spree
Wanajamvi, habari za Jumapili. Nimo Berlin tangu Jumamosi ya wiki iliyopita kwa semina ya siku tano iliyomalizika juzi. Waandaaji walitulaza na kutulisha, lakini tangu jana najitegemea, na mfukoni zimebaki euro 140 za kunifikisha Jumamosi ijayo nitakapopanda ndege kurudi Dar es Salaam. Kitanda cha hosteli nimekwisha kukilipia hadi siku hiyo. Asubuhi hii nimenunua mkate, maziwa na ndizi kwa euro tano na nusu, nikaona kwamba kwa mwendo huo nitashiba, lakini nitaondoka bila kuona lolote. Usiku kucha nimepiga hesabu na usingizi haukuja. Naomba mwenye uzoefu anitajie mahali pasipo na kiingilio.

Kaka Mkubwa wa Wedding
Karibu mjini, ndugu. Una bahati, kwa sababu mengi ya maana katika mji huu yako nje na hayalipiwi. Anza Bernauer Straße, ambako kipande cha Ukuta wa Berlin, ule uliogawa mji huu, kimeachwa jinsi kilivyokuwa, pamoja na ukanda wa wazi uliokuwa nyuma yake, nawe utaelewa kwa macho jambo ambalo vitabu vya shule vilikueleza kwa sentensi mbili. Kutoka hapo nenda East Side Gallery, kipande cha Ukuta chenye urefu wa takriban kilomita 1.3 kilichojaa michoro. Makumbusho ya Topographie des Terrors, yanayohusu ukatili wa Wanazi, hayana kiingilio, na karibu na Lango la Brandenburg kuna uwanja wa mawe zaidi ya 2,700 ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, ambao unaingia saa yoyote. Kuba la kioo juu ya Bunge pia ni la bure, ila unajiandikisha mapema mtandaoni na kwenda na pasipoti. Jioni nenda Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 na kugeuzwa bustani ya umma mwaka 2010. Watu wanaendesha baiskeli pale pale ndege zilipokuwa zikitua.

Ukichoka kutembea, panda basi namba 100 kati ya Zoo na Alexanderplatz, ambalo kwa nauli ya kawaida hupita sehemu nyingi ambazo mabasi ya watalii hutoza fedha nyingi kuzionyesha. Tiketi ya karatasi uigonge muhuri kwenye mashine kabla ya safari kuanza. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia, na faini ni euro 60.

Bi Mwanaisha wa Tanga
Mwanangu, hao wakubwa waliokuita hawakukupa posho? Mtu hasafiri nchi ya watu na hela ya kwenda sokoni. Nieleze posho imekwenda wapi, ndipo nijue kama nikupe pole au nikukaripie.

Mgeni wa Spree
Shikamoo mama. Posho niliipata, nami siku ya pili tu niliituma nyumbani, kwa sababu nyumba yangu imesimama bila bati tangu mwaka juzi na masika yanakaribia. Sijutii. Bati litakuwapo nami nitakuwa nimekwisha kusahau njaa ya Berlin.

Kondakta Mstaafu
Katika hilo la bati nakuunga mkono. Mimi nilipokuwa baharini tulitia nanga Hamburg siku nne, na siku ya kwanza nilinunua chupa ya maji kwa bei iliyonifanya niinywe kwa kijiko. Baharia mwenzangu akanicheka na kunionyesha bomba la bafuni. Maji ya bomba ya Ujerumani yananyweka, kwa hiyo jaza chupa yako na usimnunulie mtu yeyote maji, hata akiwa mrembo.

Mwana wa Lindi
Nashangaa hakuna aliyemtaja mzee wetu. Kwenye Museum für Naturkunde amesimama mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliyechimbwa kwetu na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913. Mifupa yake ilibebwa vichwani na mabegani na wazee wetu hadi bandari ya Lindi. Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba wapagazi waliambiwa wanabeba mawe, wao wakajiuliza ni mawe gani haya yanayofungwa kama mayai. Ukimwona, msalimie kwa niaba yetu.

Kaka Mkubwa wa Wedding
Kwa huyo mzee kuna kiingilio. Mgeni anayetaka historia yetu bila kulipa aje huku Wedding, kitongoji cha Berlin ninakokaa, katika mtaa unaoitwa wa Kiafrika, ambako kuna Sansibarstraße na Usambarastraße. Barabara iliyokuwa Petersallee, ambayo hapo mwanzo ilibeba jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, iligawanywa mwaka 2024, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee.

Wakili wa Uchochoroni
Wenzangu mmetaja makumbusho, maji na mijusi, lakini mimi nina swali dogo. Semina imekwisha Ijumaa, na waandaaji kwa kawaida hukata tiketi ya kurudi siku moja au mbili baadaye. Ndugu mleta mada, Jumamosi ijayo umeitoa wapi, na viza yako ina siku ngapi?

Mgeni wa Spree
Tiketi nilisogeza mbele mwenyewe. Viza haina tatizo. Naomba turudi kwenye mada ya matembezi.

Wakili wa Uchochoroni
Sikuuliza kama ina tatizo. Nimeuliza ina siku ngapi.

Mgeni wa Spree
Basi niseme. Tiketi ya awali ilikuwa ya leo usiku. Kwenye stika ya viza, tarehe ya mwisho bado iko mbele kwa zaidi ya wiki moja, ila mstari wa muda wa kukaa umeandikwa siku 12. Mimi nimefuata tarehe. Nimekwisha kulipa kitanda, nimekwisha kulipa gharama ya kubadili tiketi, na mtu kama mimi haji Ulaya mara mbili. Isitoshe, mwenzangu wa semina ameniambia kwamba wakati wa kutoka hakuna anayehesabu.

Wakili wa Uchochoroni
Hiki ndicho kilichokunyima usingizi, si bei ya ndizi. Tarehe ya mwisho inakuonyesha dirisha ambalo safari yako lazima iwe ndani yake, lakini siku unazoruhusiwa kukaa ni hizo 12 tu, na siku ya kuingia inahesabiwa. Uliingia Jumamosi, kwa hiyo siku ya 12 ni Jumatano. Huyo mwenzako anazungumzia enzi za muhuri uliofifia. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zimeanza kutumia mfumo unaosajili picha za wageni na tarehe zao za kuingia na kutoka, na kompyuta haichoki kuhesabu. Ukizidisha siku tatu unaweza kupigwa faini au kunyimwa viza nyingine, na hapo kweli hutakuja mara ya pili.

Mjuzi wa Kariakoo
Mnapoteza muda, uzi huu umetungwa. Nimeishi Ujerumani miaka saba. Jumapili maduka ya vyakula yamefungwa, na huyu anatuambia amenunua mkate na maziwa asubuhi ya leo. Yuko Mbezi, anasubiri tumchangie.

Bi Mwanaisha wa Tanga
Nami nilishaanza kumwonea huruma! Mwanangu, jibu.

Mgeni wa Spree
Sijaomba mchango wa mtu. Nilinunua kwenye duka lililo ndani ya Kituo Kikuu cha reli. Nilikwenda na chupa sita za plastiki zilizoachwa chumbani na wenzangu, nikaziingiza kwenye mashine ukutani inayopokea chupa tupu kwa malipo. Ilizimeza moja moja, ikawa inazizungusha kutafuta alama. Ya sita ikaitema kwa sababu nilikuwa nimeibonyeza ili iingie mfukoni. Ikanipa karatasi ya euro 1.25, nikaikabidhi kwa mlipishaji. Alinitazama kama mtu anayepokea karatasi hizo kila dakika.

Kaka Mkubwa wa Wedding
Anasema kweli. Duka la kituoni hufunguliwa Jumapili, na chupa moja ya aina hiyo hurudisha senti 25. Mjuzi, katika miaka hiyo saba hukupanda treni?

Mjuzi wa Kariakoo
Nilikuwa kijijini.

Mgeni wa Spree
Nimempigia wakala wa tiketi. Kuna nafasi Jumanne usiku kwa euro 85, na hosteli wamekataa kurudisha hata senti ya kitanda. Nimelipa. Zimebaki 55 za siku mbili na nusu, na nimejiandikisha kwa lile kuba la Bunge kesho saa nne asubuhi. Leo jioni nakwenda Wedding kwa miguu. Mwana wa Lindi, niwie radhi kuhusu mzee.

Mwana wa Lindi
Usijali. Kwa hizo 55 bado unaweza kumwona. Kiingilio nitakurudishia ukifika Dar es Salaam, kwa sharti kwamba umpige picha ya miguu, kwa sababu kila anayekwenda huniletea kichwa tu.