Kitasa cha mlango kinahitaji intaneti ya nini? Tujadili

#1 (mwanzisha mada)
Wakuu tuliongee hili bila kufichana. Jana usiku nimesimama nje ya mlango wangu mwenyewe dakika 40, simu mkononi kale kaduara kanazunguka tu, kitasa kinawaka taa nyekundu eti kinapokea apdeti. Funguo sina maana niliambiwa hiki hakitaki funguo. Kitasa jamani! Kazi ambayo kipande cha chuma na springi vilikuwa vinaifanya miaka yote. Msimamo wangu, kitu kilichokuwa kinafanya kazi bila intaneti kisiuzwe kikiwa hakiwezi kufanya kazi bila intaneti. Na nyie wa taa za kuwasha kwa simu, huo ni uvivu tu wa kunyanyuka kwenye kiti.

#2
Pole kwa kukaa nje mkuu ila hilo neno uvivu lifute. Baba yangu alipigwa kiharusi, upande wa kulia hauna kazi. Miaka miwili akitaka kwenda chooni usiku lazima amuamshe mama amuwashie taa. Sasa hivi anasema tu "washa" inawaka. Siku ya kwanza aliiwasha akaizima akaiwasha hata mara kumi, mama akamwacha. Huyo ndio mvivu wako?

#3
Tusitoke nje ya mada. Kuna ile mashine ya juisi ya Marekani, Juicero, nadhani ilikuwa 2015 hivi, inataka waifai ndio ikamue, mfuko ukipitwa na tarehe inagoma. Waandishi wakauminya mfuko kwa mikono, juisi ikatoka vilevile!

#4
2017 mkuu, Bloomberg ndio walioonyesha, na mwanzoni iliuzwa dola 699. Mwaka huohuo kampuni ikafunga. Ila hiyo haikuharibika, haikuwa na kazi tangu mwanzo. Kama mnataka vitasa semeni LockState, kampuni ya vitasa vya intaneti, Agosti 2017 walituma apdeti ya modeli nyingine, vitasa kama 500 vikafa, vingi vya nyumba za kupangisha wageni.

#2
Bado nasubiri mwanzisha mada afute.

#1
Sifuti. Baba yako sikumtaja, umemleta wewe. Mimi nazungumzia watu wazima wenye miguu yao.

#2
Umeandika "nyie wa taa za kuwasha kwa simu". Rudi kasome mwenyewe. Hukuandika wenye miguu.

#5
Mimi ndio niko kwenye kiti cha magurudumu, na swichi ninakoishi ziko juu sifikii, kwa hiyo hizo taa nazihitaji kweli. Lakini intaneti ikikatika nakaa gizani mpaka mtu aje, wewe mwenye miguu unasimama unabonyeza ukutani. Kikigoma sisi ndio tunaumia kwanza. Mbona hilo hamlijadili, mmeshikilia neno moja tu?

#6
Dada uko sahihi, mimi ni fundi wa hivi vitu. Zipo taa ambazo amri inatoka kwenye simu inasafiri mpaka seva, yaani kompyuta ya kampuni, nchi nyingine huko ndio irudi kwenye taa iliyo mita tatu kutoka ulipo. Na zipo zinazoongea na kisanduku humohumo ndani, intaneti ikatike isikatike zinawaka. Ulizeni hilo kabla ya kununua. Na seva inaweza kuzimwa kwa makusudi, kampuni ya Nest walinunua Revolv, waliokuwa wanauza kisanduku cha kuendesha taa na vitasa vya nyumbani, halafu Mei 2016 wakaizima, wenye visanduku wakabaki na boksi lisilo na kazi.

#7
Nyie mafundi ndio mnaofunga hivyo vinavyokwenda seva halafu mnakuja kutufundisha. Wa kwangu nilimuuliza, akanijibu "haina shida".

#6
Usinijumuishe. Mimi mteja namwambia, anachagua cha bei ndogo, kikigoma ananipigia mimi simu saa sita usiku.

#7
Na ukipigiwa unapokea?

#1
Dada wa #5 nimekuelewa, wewe na mzee wa #2 naomba radhi, neno lile halikuwahusu. Wengine wote liko palepale.

#2
Nimepokea. Ila kitasa ulikifunguaje hatimaye?

#1
Jirani alikuja na bisibisi, kama dakika mbili.

#7
Dakika mbili?? Basi na mwizi naye ni dakika mbili. Fundi wa #6 njoo ujibu hili