Boti ya jeti haichaji: betri mpya, regyuleta mpya, mita bado inasoma 12.3

DadaWaKigo

Habari zenu nyote wa majini. Naomba msaada kabla sijatoa pesa nyingine.

Nina boti ndogo ya jeti, futi 14, injini moja ya viharusi viwili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Iliingia Uganda ikiwa imeshatumika, kupitia Mombasa, na kabla ya hapo ilitembea baharini. Sasa naiweka Kigo, ufukweni mwa Ziwa Nyanza (Victoria) karibu na Kampala. Wikendi hali ya hewa ikiruhusu nachukua wanangu na binamu zao, tunazunguka upande wa Munyonyo, siku nyingine tunavuka hadi kisiwa cha Bulago.

Asubuhi inawaka mara moja bila shida. Tukifika kisiwani, tukizima, redio ikacheza kidogo, wakati wa kurudi stata inazunguka kwa uvivu. Siku nyingine inagonga "tak" na kunyamaza. Mita ya dashibodi inasoma volti 12.3 hata nikiwa mwendo kasi. Nikiwasha taa na pampu ya maji inashuka hadi 11.9.

Betri nimeshabadilisha. Fundi mmoja hapa Kampala akasema regyuleta imekufa, akafunga ya pikipiki. Hakuna kilichobadilika, ila ya zamani ninayo. Sasa anasema alteneta ndiyo mbovu na lazima injini itoke nje.

Boti hii haina kamba ya kuvuta kwa mkono. Betri ikiisha ni kupiga kasia na kusubiri mtu apite. Na nyinyi mnaijua Nyanza: saa nane maji yametulia, saa tisa upepo umegeuka na mawimbi yanaingia ndani. Nabeba watoto. Nataka kujua tatizo ni nini hasa, sitaki tena kubahatisha.

KalangalaMoja

Pole dada. Angalia fyuzi ya laini ya chaji, huwa iko karibu na regyuleta au ndani ya boksi la umeme. Itoe kabisa uipime kwa mita, usiitazame kwa macho tu. Na kaza teminali za betri kwa spana, si kwa vidole. Zaidi ya hapo waachie wenye ujuzi.

FundiPortBell

Dada, injini isitoke kwanza.

Boti yako haina alteneta ya mkanda kama ya gari. Injini ndogo ya jeti ya viharusi viwili inachaji kwa sumaku zilizobandikwa ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Sumaku zinazunguka koili za shaba, koili zinatoa umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo), regyuleta inaugeuza kuwa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) na kuuzuia usipite volti 14.5 hivi. Hakuna kingine. Koili, regyuleta, waya, betri. Katika hivyo vinne, koili ndizo zinazoharibika kwa nadra, na ndizo za gharama kuzifikia. Kwa hiyo zinapimwa kutoka nje kabla mtu hajagusa boliti ya injini.

Nimejifunza kazi hii Mombasa, nikaja kuifanya huku ziwani, na jambo moja nalirudia kwa kila mteja: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Usishike mita wala kugusa ufunguo kabla hujafungua kifuniko cha injini, ukanusa, ukawasha feni ya kutoa hewa kwa dakika nne au zaidi. Cheche moja ya teminali inatosha. Nimeona boti zilizoungua, na sitaki kuona nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Rudisha regyuleta yako ya asili. Baadhi ya zile za bodaboda zimetengenezwa kwa koili ambayo ncha yake moja imefungwa kwenye bodi, yaani chuma cha injini. Kama yako inatoa waya mbili za manjano zisizogusa bodi popote, hizo haziendani, na vipimo vyote vitakudanganya.

Ichaji betri kwa chaja ya ukutani mpaka ijae, iache usiku kucha, asubuhi ipime. Ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa. 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo. Hili la chaja usilipuuze: koili hizi hazikuundwa kufufua betri iliyokufa, kazi yake ni kurudishia kile stata ilichokula.

Kisha teremsha boti majini, ifunge kamba mbele na nyuma, mahali penye kina cha kufika kiunoni au zaidi na pasipo magugu maji. Jeti ikiwa kwenye maji ya kina kifupi inafyonza mchanga na kokoto, impela (panga linalosukuma maji) inalika. Kumbuka pia boti nyingi za namna hii hazina gia ya kweli ya kusimama: injini ikiwaka, impela inazunguka. Mtu asikae nyuma yake, na kamba zisielee karibu na wavu wa kunyonyea. Usiipime nchi kavu kwa mpira wa bomba. Kipimo hiki kinataka muda, na injini itapata joto kabla hujamaliza.

Injini ikizunguka 3,000 kwa dakika, weka mita kwenye nguzo za betri zenyewe, achana na ile ya dashibodi. Tunatafuta kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia, zima kabla haijachemsha betri.

Ukikuta 12 na kitu, zima, chomoa waya mbili za manjano zinazotoka kwenye injini. Geuza mita iwe AC, washa, pima kati ya manjano na manjano. Volti zinatakiwa kupanda kadiri unavyoongeza mafuta, bila kurukaruka. Zima tena, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), pima kila manjano dhidi ya bodi ya injini: mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, koili imegusana na chuma, na hapo fundi wako atakuwa na haki ya kuvuta injini.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokitaka zaidi, na ndicho wengi hawakifanyi. Rudisha waya zote, washa injini 3,000, washa na taa. Mita iwe DC. Ncha moja iguse waya mwekundu pale unapotoka kwenye regyuleta, nyingine nguzo ya chanya ya betri. Andika. Halafu ncha moja iguse mwili wa chuma wa regyuleta, nyingine nguzo ya hasi ya betri. Andika. Waya mzuri haupotezi zaidi ya volti 0.2 au 0.3.

Na usichomoe betri injini ikiwa inawaka, hata kwa sekunde. Wapo wanaofanya hivyo "kuona kama chaji ipo". Hivyo ndivyo dayodi za regyuleta zinavyokufa.

DadaWaKigo

Asante sana fundi. Nimefuata yote, mdogo wangu alishika usukani, mimi nikashika mita. Regyuleta ya asili imerudi. Hizi hapa:

Betri asubuhi: 12.7
Nguzo za betri, injini 3,000, taa zimewashwa: 12.4
Manjano kwa manjano, AC: 24 injini ikinguruma taratibu, 50 kwenye 3,000
Manjano kwa bodi: mita haionyeshi kitu
Waya mwekundu hadi chanya: 0.15
Mwili wa regyuleta hadi hasi: 1.8

Hiyo ya mwisho niliirudia, nikikwangua kwanza mahali pa kugusa. Haibadiliki.

FundiPortBell

Koili zako ni nzima. Regyuleta yako ya asili nayo ni nzima, mwambie aliyekuuzia nyingine. Jumlisha mwenyewe: 12.4 za betri, 0.15 zinazopotea kwenye mwekundu, 1.8 zinazopotea upande wa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi. Ni 14.35. Regyuleta inatoa kile hasa inachotakiwa kutoa, lakini inajipima yenyewe pale ilipo. Inaona 14.35, inaamini betri imeshiba, inazuia. Karibu volti mbili zinaishia njiani, kwenye waya mweusi unaorudi. Ungebadilisha regyuleta kumi, zote zingekuambia hivyohivyo.

Na usihangaike na ule waya mnene wa athi wa injini. Huo ungekuwa na tatizo la ukubwa huu, stata isingezunguka hata asubuhi betri ikiwa imejaa, maana stata inavuta umeme mwingi mara nyingi zaidi ya unaopita kwenye laini ya chaji. Inawaka vizuri ukitoka nyumbani, basi njia ya stata ni safi. Ubaya uko kwenye kijiwaya cheusi cha regyuleta peke yake. Regyuleta yako imefungwa ndani ya boksi la plastiki, sivyo? Basi haipati athi kwa kugusana na chuma, inategemea huo waya tu.

Ufuate toka boksi mpaka unakoishia. Pinda kila inchi chache. Mahali panapokuwa pagumu, au ganda limevimba, ndipo. Boti imetoka baharini: chumvi inaingia pale kwenye kiungio, inapanda ndani ya nyuzi za shaba chini ya ganda, na nje waya unabaki mzuri kabisa. Maji ya Nyanza ni matamu, lakini chumvi iliyokwisha kuingia haitoki kwa boti kuhamia ziwani. Inaendelea kula.

Usiunge kipande. Badilisha wote. Tafuta waya wa milimita za mraba 6, nyuzi ziwe zimepakwa bati, si shaba tupu. Soko la vipuri la Kiseka ukikosa wa bati, waulize mafundi wa boti Ggaba au Entebbe. Ncha zibanwe kwa koleo la kubania viungio, lisiwe la kukatia, kisha uvishe mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Peleka moja kwa moja toka mwili wa regyuleta hadi kwenye boliti ya athi ya injini, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi isitangulie.

MzeeWaGaruga

Fundi amesema kweli tupu. Naongeza moja, ssebo na nnyabo mtakaosoma baadaye. Pampu ya ngama yenye swichi ya boya kawaida inafungwa moja kwa moja kwenye betri, haipiti swichi kuu, ili boti isizame ikiwa imefungwa gatini. Hilo ni sawa. Ila kipande cha gugu maji kikikwama chini ya boya, pampu inazunguka kavu hadi betri inaisha, wewe uko nyumbani umelala.

Zima kila kitu, toa kebo ya hasi, weka mita ya ampea katikati ya kebo na nguzo. Usiguse ufunguo wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Redio inayotunza saa inakula miliampea chache, hiyo iache. Ukiona 50 na zaidi, tafuta. Miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ndogo ya 50 inafika nusu ndani ya wiki tatu bila mtu kuigusa.

DadaWaKigo

Nimerudi na majibu. Waya mweusi ulikuwa mgumu karibu na kiungio cha kwanza, pale unapotoka kwenye boksi. Nimeupasua: ndani nyuzi ni nyeusi kama mkaa, na nyingine zimegeuka unga wa kijani. Kwa nje usingejua kabisa.

Mpya umefungwa, 6, wa bati. Sasa injini 3,000 na taa zikiwaka, nguzo za betri zinasoma 14.2. Upande wa athi unapoteza 0.05. Mzee wa Garuga, mita ya ampea ilisoma miliampea 18 tu, boya liko huru.

Swali moja limebaki. Injini ikinguruma taratibu, redio na taa na kipima samaki vikiwa vimewashwa, inashuka hadi 12.5. Je, bado kuna kitu?

FundiPortBell

Hapana, hiyo ni hesabu. Redio yako tuseme ampea 5, taa 2, kipima samaki 1, na pampu ikiingia inaongeza 3. Ni 11. Koili za injini ndogo kama hiyo zikizunguka polepole hazifiki huko, betri inatoa kilichopungua. Mkiwa mmetia nanga, zima injini kabisa na usikilize redio kwa kiasi. Mkiwa mnatembea polepole kwenye magugu, zima redio.

Kama watoto hawawezi bila muziki, weka betri ya pili ya redio peke yake, yenye swichi ya kuzitenganisha, ile ya stata isiguswe. Ila sikiliza hapa: swichi na rilei utakazoweka chumba cha injini ziwe za boti, zilizozibwa zisitoe cheche kwenye mvuke wa petroli. Za gari zinafanana kwa umbo na bei yake ni nusu, na muuzaji atakuapia ni kitu kilekile. Kataa. Hata stata ikija kufa siku moja, usikubali ya gari mahali hapo.

Hiyo 14.2 iandike kwenye kifuniko cha boksi kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na mizunguko. Atakayepima mwaka ujao aanzie hapo.