Naomba ushauri: kuhamisha katalogi kwenda data zilizounganishwa

Habari wakuu. Nasimamia katalogi ya vitabu na picha za zamani, yote imo kwenye jedwali moja refu. Nataka kuihamishia kwenye data zilizounganishwa, utaratibu aliouweka wazi Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, mwaka 2006: kila kitu kinapewa anwani yake ya wavuti, na kila taarifa inaandikwa kwa sehemu tatu, yaani kitu, uhusiano na kitu kingine. Picha hii, imepigwa, Paris.

Faida naiona. Kwangu sasa "Paris" ni herufi tu. Kompyuta haijui kama ni ya Ufaransa au ile ya Texas. Ikiwa na anwani, utata unaisha, na taarifa zilizoko kwingine naweza kuzifikia bila kuzinakili.

Ninapokwama ni hapa. Nitumie vitambulisho vya Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni yenye anwani za vitu vingi, moja kwa moja, au nitengeneze anwani zangu kisha niziunganishe na za kule? Ya kwanza ni nyepesi, ila Wikidata karibu yeyote anaweza kuihariri. Ya pili inanipa uhuru, lakini nikishindwa kulipia kikoa (jina la tovuti yangu), anwani zote zinakufa. Halafu kuiambia mashine "hiki ndicho kilekile" si mchezo: nakala iliyochanika rafuni siyo kitabu chenyewe, na ukivifanya kimoja, sifa zao zinachanganyika.

Msamiati je, yaani orodha ya majina sanifu ya sifa na uhusiano kama mwandishi au tarehe: Dublin Core, iliyo fupi, inatosha au niende Schema.org, iliyo pana zaidi? Hasa nawasubiri waliofanya kazi hii peke yao, bila timu ya mafundi. Mlianza na safu ipi ya jedwali?