MREJESHO: ile 4294967297 si tasa, nimepata inayoigawa

Salaam jamani kutoka Lamu. Juzi niliwauliza kama 4294967297, yaani mbili kipeo cha 32 ujumlishe moja, ni namba tasa, maana nilikuwa nishaijaribu kwa tasa zote mpaka 100 kwa mkono na kila mara kuna baki.

Basi yule ndugu aliyenambia nishike tasa zile tu ambazo ukitoa moja zinagawanyika kwa 64, maana tasa yoyote inayoigawa namba hii lazima iwe hivyo, Mungu akuzidishie, umeniokolea siku nyingi. Nikakaa barazani huku Mkomani baada ya alasiri na daftari langu: 193 ikabaki 109, 257 ikabaki 2 (hii iliniuma kweli, karibu mno), 449 ikagoma, 577 ikabaki 288, halafu 641, naandika, natoa, nashusha, punda wanapita nakunja miguu, mpaka chini kabisa sifuri. Nikarudia mara tatu. 641 mara 6700417, kamili!

Fermat mwenyewe, yule mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini ni tasa, mwanahisabati mwenzake Euler ndo akaivunja mwaka 1732, na 641 hii hii.

Lakini kilichonigusa zaidi, 641 ni 5 mara 128 ujumlishe 1, na pia ni 625 ujumlishe 16, yaani 5 kipeo cha 4 na 2 kipeo cha 4. Kwa hizo mbili tu unathibitisha kwamba inaigawa, bila kugawanya chochote. Nimemwonyesha mpwa wangu, kaielewa kabla kahawa haijapoa.

Hiyo 6700417 nayo ni tasa, kwa hiyo hakuna kingine ndani. Shukrani sana wote.