Naomba ushauri: nataka kumpeleka mama Lamu kwenye Maulidi

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari zenu nyote.

Mimi ni mkazi wa Tanga. Mama yangu ana miaka 71, na tangu nikiwa mdogo namsikia akiitaja Lamu: Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh, matwari (ngoma za mkononi), zefe, yaani maandamano ya kumsifu Mtume, inayopita barabarani. Mwaka huu nimeazimia kumpeleka, Mungu akipenda, mwezi wa Mfungo Sita (Rabiul Awwal).

Mimi mwenyewe navutwa pia na michezo ya Maulidi hayo: mbio za punda pale ufukweni, kuogelea, mashindano ya bao. Mashindano ya majahazi nimeyaona kwenye picha tu, na moyo unanidunda kila nikiyatazama.

Shida yangu ni safari. Tutapita mpakani Horohoro hadi Mombasa, tulale, kisha basi la Malindi, Garsen hadi Mokowe, halafu boti. Mama magoti yanamsumbua. Je, kushuka gatini na kupanda boti kunamfaa mtu mzima? Au nijibane tupande ndege mpaka kisiwa jirani cha Manda? Huko nako lazima kuvuka maji, lakini angalau basi tutaliepuka.

Na malazi je? Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitiki kwa gari, kwa hiyo nataka nyumba ya karibu na Riyadha, chumba cha chini, isiyo na ngazi. Nikodishe mapema kiasi gani? Wenyeji wa Amu (Lamu), na mliokwenda na wazazi, nisaidieni tafadhali.